Fagia Isiyouliza

“Kistari kimoja tu, jirani! Sikuombi figo!”

“Ungeomba figo ningekupa. Figo ninazo mbili. Fagia ninayo moja.”

“Unajisikia lakini? Eti ‘ninayo’. Kana kwamba uliinyonyesha.”

“Nimeilea, ndiyo. Na haijawahi kunitia aibu.”

Walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye mlango wake, na ukumbi mwembamba wa ghorofa ya tatu umelala katikati yao kama kitanda cha wanandoa waliokasirikiana. Mama Vistari alikuwa ametoka sokoni, mfuko wa vitunguu bado unamning’inia kwenye vidole, kiatu kimoja ameshakivua na kingine hajakivua. Bwana Hapana alikuwa na fulana ya ndani, miwani juu ya paji la uso, na kikombe cha chai kilichopoa zamani. Alikishika kama silaha tu.

Jengo zima lilikuwa likiwasikiliza. Halikuwa na haja ya kutega sikio. Ngazi za jengo lile zilikuwa na tabia ya kubeba maneno kutoka mlango hadi mlango, na watu wa pale hawakuwa na tabia ya kuyarudisha. Fundi cherehani wa chini alikwisha kuwaeleza wateja wake kwamba wale wawili wanagombea urithi. Mkewe alikataa: hapana, walikuwa wachumba zamani. Ukweli kwamba wanagombana juu ya neno moja ndani ya programu ya kompyuta usingemwingia mtu akilini hata ukimwapia.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wote wawili walifanya kazi kwenye programu iitwayo Tabaka, ambayo shughuli yake ni kutunza kazi za watu. Ukichora au ukiandika, unaiambia iweke, nayo inaweka tabaka jipya juu ya lile la jana, ili siku ukiharibu uweze kurudi nyuma, kama mtu anayefunua shuka moja baada ya nyingine. Haina picha za kubofya. Unaiandikia amri kwa neno, na baada ya neno unaweza kutia kistari na herufi kuieleza unavyotaka.

Jina la Mama Vistari lilitoka huko. Yeye ndiye aliyetumia nusu ya umri wake kuhakikisha vistari vya Tabaka vinakubaliana, ili mtu akijifunza amri moja awe amejifunza zote. Alikuwa ameipigania adabu moja hasa. Amri zote zinazoweza kuumiza, kama futa, rudisha na hamisha, ukiziandika tupu hazigusi kitu. Zinakuonyesha zitakachofanya, kisha zinanyamaza. Ukiridhika, unaiandika tena amri ileile na kuongeza kistari na herufi t, maana yake tenda. Kwanza ona, kisha tenda. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa.

Ila fagia. Kazi ya fagia ni kuondoa mafaili yote ambayo mwenyewe hajaiambia Tabaka iyaweke. Bwana Hapana aliiandika peke yake mwanzo kabisa, kabla adabu haijapatikana, wakati ofisi yao ilipokuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza mbili zinazotazamana na feni inayogonga kama mtu anayedai kodi. Fagia ukiiita tupu, inatenda papo hapo. Anayetaka kuonyeshwa kwanza ndiye anayetakiwa kuongeza kistari, tena cha herufi nyingine kabisa. Kila toleo jipya la Tabaka lilipokaribia, Mama Vistari aliomba fagia ifunzwe adabu ya wenzake. Na kila mara Bwana Hapana, ambaye bila idhini yake hakuna badiliko linaloingia, alisema neno lililompa jina.

Safari hii haikuwa kama zile nyingine. Safari hii palikuwa na wifi.

Wifi, dada wa mume wa Mama Vistari, alikuja kukaa siku mbili tatu wakati kaka yake alipohamishiwa kazi ya mbali, akakaa mpaka mapazia yakamzoea. Alichora picha za vitabu vya shule: moyo uliopasuliwa katikati, mzizi wa mmea, jicho na mishipa yake. Mama Vistari mwenyewe ndiye aliyemfundisha Tabaka. Alimkalisha mezani akamwambia, “Usiogope, wifi. Hii haikurupuki. Andika neno, itakuonyesha kwanza.” Na wifi akajifunza vizuri, kama anavyojifunza mtu asiyependa kukosea. Kisha asubuhi moja, akiwa na picha za kitabu kizima ambazo bado hajaziweka, akaandika fagia ili aone ni takataka gani zimebaki.

Hakuonyeshwa kitu. Picha ziliondoka.

Mchapishaji alimpa muda kidogo wa kuchora upya, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ana namba ya simu ya mchoraji mwingine. Tangu hapo wifi alikuwa akiamka, anakaa mezani, anachora moyo, anafuta, anachora moyo. Siku ile ya msiba Mama Vistari alimshika mikono akamwambia, “Toleo hili halifungwi fagia ikiwa vile. Likifungwa hivyo, mimi natoka Tabaka. Wakatafute mwingine.” Wifi alilisikia lile neno akalihifadhi, na kila walipokutana jikoni, macho yake yaliuliza.

Na toleo lilikuwa linafungwa leo, jua likizama; baada ya hapo hakuna badiliko la kuingia.

“Nieleze tena,” alisema Mama Vistari. Akatua mfuko chini. Mabega yalimuuma kama ameyaazima. “Nieleze polepole, kama kwa mgonjwa. Kwa nini fagia isionyeshe kwanza?”

“Nimekueleza mpaka ulimi umeota sugu.”

“Ongeza sugu.”

Bwana Hapana akashusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Ukigombana na mtu mbaya angalau unalala vizuri.

“Dada yangu, kuna maofisi, kuna mahospitali, kuna maktaba zilizoandika fagia kwenye mafaili yao ya amri yanayojiendesha yenyewe alfajiri. Hakuna mtu kwenye kiti. Fagia inaamka, inafagia, inalala. Leo wewe unataka iamke ionyeshe tu. Itamwonyesha nani? Ukuta? Haitalalamika, haitatoa kosa, na haitafagia. Takataka zitajaa kimyakimya, mpaka siku mashine ya hospitali inakosa nafasi ya kuandika jina la mgonjwa. Siku hiyo watamtafuta nani? Wewe na adabu yako?”

“Basi iangalie. Ikiona kuna mtu kwenye kibodi, ionyeshe. Ikiwa peke yake, itende.”

“Programu ya sura mbili? Mbele za watu hivi, chumbani vingine? Watu wa namna hiyo tunao tayari kwenye jengo hili, tena kwenye ngazi hii hii.”

Mlango wa juu ukagonga. Muuguzi wa ghorofa ya nne akateremka ngazi nusu, kanga ya kulalia begani, nywele zimelala upande mmoja.

“Jamani wazazi wangu. Mimi nimetoka zamu. Nimeshika wagonjwa usiku kucha, wanalia, na hawafikii nusu ya kelele zenu. Hiyo fagia mnayogombania, mimi ninalo fagio la ziada. Niwaletee mgawane?”

“Samahani, mwanangu,” alisema Mama Vistari.

“Mwambie yeye,” alisema Bwana Hapana. “Mimi ndiye niliyegongewa mlango.”

“Kila wiki mnaombana radhi kupitia mimi. Kwani mimi posta?” Muuguzi akageuka apande, kisha akasita, udaku ukaushinda usingizi. Akakaa kwenye ngazi. “Haya, malizieni. Ni nani aliyefiwa?”

“Mimi,” ikasema sauti kutoka ndani.

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya Mama Vistari, kompyuta yake ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Macho yalikuwa mekundu, si kwa machozi tena, kwa kazi. Hakuwa ametoka nje ya mlango ule tangu siku nyingi. Bwana Hapana, ambaye kwa juma zima alikuwa akimsema kama “yule mtumiaji” na “kisa kile kimoja”, alishusha miwani kutoka kwenye paji hadi puani, kana kwamba kumwona kulihitaji maandalizi.

“Pole na yaliyokukuta, dada,” alisema. “Kweli nakupa pole. Ila maelezo yako wazi. Ukurasa wa fagia, mstari wa kwanza, umeandikwa: inaondoa. Mtu asiyesoma…”

“Nilisoma ya futa,” alisema wifi. “Nikasoma ya rudisha. Nikasoma ya hamisha. Zote zimeandikwa: andika tupu uone kwanza. Hapo nikadhani nimeshaijua tabia yenu.”

“Kudhani ni…”

“Ngoja, jirani, sijamaliza. Kuna mwenzangu tunachora naye kitabu kimoja. Yeye hana subira. Kila amri anatia kistari cha kutenda, hata hajui anatenda nini, anasema atajua mbele ya safari. Siku hiyo hiyo, kabla ya kuita fagia, yeye aliharakisha kuweka kila kitu bila kuangalia, na picha zake zote zipo. Mimi nikasema ngoja niangalie kwanza. Nikaandika fagia niangalie tu.” Akavuta pumzi. “Sikuita fagia nifagie, jirani. Niliiita kwa sababu nilikuwa naogopa kufagia.”

Chini kabisa cherehani ilisimama, ikaanza tena.

Mwenda pole hajikwai, ndivyo watu wasemavyo. Huyu alikwenda pole, na alijikwaa kwa sababu alikwenda pole. Mama Vistari alikuwa ameeleza jambo hili kwa barua, kwa mikutano, kwa michoro ya mishale, na hakuwahi kulieleza hivyo. Alimtazama Bwana Hapana akiona maneno yanavyomwingia. Hakufurahi. Alikuwa amechoka mno kufurahi. Kuna upande wake ambao tangu asubuhi ulikuwa ukimwombea jirani aseme hapana mara moja, kwa sauti kubwa, mlango ufungwe, ili yeye apate kutoka Tabaka kwa heshima, alale usingizi wa mtu asiyedaiwa na kistari chochote.

Bwana Hapana akaweka kikombe juu ya kizingiti. Akakaa kwenye ngazi ya kwanza ya kupandia juu, kando ya mlango wake, magoti yakalia.

“Tuliwafundisha watu kuangalia kwanza,” alisema, akiongea na magoti yake. “Halafu tukaacha mlango mmoja unaomwadhibu anayeangalia.” Akaifuta miwani kwa fulana. “Mimi siku zote nilidhani inaumiza wazembe.”

“Wazembe hawaumii, mzee wangu,” alisema muuguzi kutoka juu. “Njoo wodini kwetu ujionee. Walevi wanaanguka wanaamka. Anayevunjika ni bibi aliyekuwa ameshika ukuta.”

“Wewe si ulikuwa unalala?”

“Nalala. Hii naota.”

Bwana Hapana akanyoosha mkono nyuma yake, akavuta kompyuta yake kutoka kwenye kiti kilichokuwa ndani ya mlango. Akaifungua mapajani. Hakuandika kitu. “Bado siwezi kuiamuru ionyeshe tu. Siwezi, dada. Hospitali zile ni za kweli kama picha hizi zilivyokuwa za kweli.”

“Najua,” alisema Mama Vistari, na kweli alijua. Akavua kiatu cha pili. Akakaa naye kwenye ngazi, kwa umbali wa mfuko mmoja wa vitunguu. “Nami siwezi kuiacha.”

“Basi sema niifute kabisa,” alisema Bwana Hapana.

“Nani kakuambia ufute?”

Bwana Hapana akamgeukia. “Umesema nini?”

“Nimesema nani kakuambia… Nimechoka, jirani, sijui nimesema nini.”

“Nani kaiambia fagia ifute?” Sasa alikuwa akiongea haraka, vidole viwili vikitafuta herufi. “Kazi yake ni kuondoa. Kuondoa si kufuta. Iondoe, iyabebe mafaili, iyalaze kando, ndani ya Tabaka yenyewe. Chumba kitakuwa safi, hata mafaili ya alfajiri hayatajua. Ikiitwa tena, inatupa ilivyolaza mara iliyopita, inalaza vipya. Nafasi haijai. Inachelewa zamu moja tu.”

Mama Vistari alifumba macho akaipitia ile njia kichwani, kona kwa kona, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Ilikuwa nzuri. Ilimuudhi kwamba ilikuwa nzuri, na kwamba ilikuwa ya huyu.

“Na mtu akishtuka,” aliuliza, “akaiita mara ya pili?”

“Nani ataita fagia mara mbili mfululizo?”

“Mimi,” alisema wifi. “Niliiita mara ya pili. Sikuamini macho yangu.”

Bwana Hapana akamtazama, akafuta mstari aliouandika. “Basi itupe vilivyokwisha kulala siku nzima. Vya leo isiviguse, hata ikiitwa mara mia.”

“Na kuvirudisha?”

“Rudisha ipo.”

“Rudisha tupu, itaonyesha kwanza kilicholazwa?”

“Itaonyesha.”

“Kisha kistari na t?”

Alikawia kidogo, kama mtoto anayekubali kunywa dawa. “Kistari na t.”

Wakafanya kazi pale pale. Mwanga wa jioni ulipenya kwenye matofali yenye matundu, ukawatia madoa madoa ya njano. Bwana Hapana aliandika kwa vidole viwili huku akinung’unika. Mama Vistari alisoma juu ya bega lake, akionyesha kidole, akisema hapo, hapo umesahau faili tupu, hapo jina lina nafasi katikati. Miaka mingi iliyopita walifanya hivi kila siku, chini ya feni ile inayogonga, kabla hawajachoshana. Miili yao ilikumbuka kuliko wao. Mmoja alipohitaji nafasi, mwenzake alisogea kabla hajaambiwa. Wifi alitengeneza mafaili ya uongo kwenye kompyuta yake, moja akaliita moyo, akaita fagia. Moyo ukaondoka. Akaita rudisha. Ukaonyeshwa, jina lake peke yake kwenye kioo cheusi. Akaongeza kistari na t, ukarudi.

Aliutazama muda mrefu. Ulikuwa faili tupu, bila mchoro ndani.

“Bado fagia haiulizi,” alisema Mama Vistari. Ilibidi aseme, nani angemsemea? “Inalaza, lakini haiulizi. Haijafanana na wenzake.”

“Toleo hili fagia ikubali kistari cha kutenda bila kukihitaji,” alisema Bwana Hapana. “Kila ikiitwa tupu, itoe mstari mmoja: toleo lijalo nitaonyesha kwanza, anzeni kutia t. Watu wa alfajiri wapate muda wa kurekebisha mafaili yao. Toleo lijalo tunaigeuza. Naandika sasa hivi, na jina langu naliweka.”

“Utaandika nini?”

“Kwamba nimekubali.”

“Neno lenyewe.”

“Dada, acha uchokozi.”

“Muuguzi ni shahidi. Neno lenyewe.”

“Ndiyo,” alisema Bwana Hapana, akakibonyeza kile kitufe cha mwisho, badiliko likaingia ndani ya toleo wakati jua bado lina kidole kimoja juu ya mapaa.

Muuguzi akapiga makofi mara moja, akapiga miayo, akainuka. “Kesho nitamwambia fundi cherehani urithi umegawanywa. Asiponiamini shauri yake.” Mlango wake ukafungwa, na ngazi zikawa kimya kwa namna ambayo ngazi zile hazikuizoea.

Mama Vistari hakuinuka. Miguu ilikataa. Alikuwa akihesabu kwa moyo ule wa mtu mwaminifu aliyechoka: aliahidi fagia itabadilika kabla toleo halijafungwa, na imebadilika nusu. Nusu ya ahadi ni ahadi gani? Upande wake ule uliotaka kulala ukanyanyua kichwa.

“Kwa hiyo?” aliuliza wifi. “Unatoka Tabaka au hutoki?”

“Nilikuambia haitabaki vile. Haiulizi.”

“Ingekuwa hivi siku ile, ningekuwa na picha zangu?”

“Ungekuwa nazo zote.”

Wifi akafunga kompyuta. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule aliishika kwa mkono mmoja, kama kitu cha kawaida. “Ahadi ulinipa mimi. Ni yangu, nami nakurudishia. Ukitoka wewe, hicho kistari cha toleo lijalo atakilinda nani? Huyu?”

“Mimi nipo hapa,” alisema Bwana Hapana. “Nasikia.”

“Ndiyo maana nasema kwa sauti.” Akaokota mfuko wa vitunguu, akaupima kwa mkono. “Wifi, inuka, sakafu ina baridi, utaamka kesho huna kiuno. Sufuria ya pili iko motoni tangu mlipoanza kubishana kuhusu figo. Nilipika kwa hasira, chakula kimekuwa kingi.”

Mama Vistari akanyoosha mkono, akavutwa, akasimama kwa vipande. Bwana Hapana naye akainuka, akachukua kikombe chake cha chai baridi kutoka kwenye kizingiti, akajua ni wakati wa kuingia kwake na hakuingia. Nyuma yake nyumba ilikuwa na giza. Kiti kimoja, meza moja, waya za kompyuta. Akasema usiku mwema, ingawa usiku haukuwa umefika.

Wifi alikuwa ameshaingia. Akarudi mlangoni.

“Jirani.”

“Naam.”

“Sijakusamehe, usijidanganye. Nina mioyo minne ya kuchora na jicho.”

“Najua, dada.”

“Haya, weka hicho kikombe unachokibeba tangu saa tisa, nawa mikono, uingie ule.”